Jinsi Treni ya Isagilo Ilivyofika

Nchi yetu ina reli, na reli yetu inafanya kazi. Nalisema hilo mapema asije akatokea mtu wa kudhani kwamba nimekaa chini kuandika mabaya. Ni reli nyembamba, kweli. Mtu mzima akisimama katikati ya njia na kutanua miguu anaweza kukanyaga vyuma vyote viwili kwa pamoja. Lakini Mheshimiwa Rais alikwisha kutueleza, siku alipozindua bango la reli pale mji mkuu, kwamba wembamba wa reli si wembamba wa taifa, nasi tukapiga makofi mpaka bango likaanguka.

Reli hiyo inaendeshwa na Shirika la Reli Nyembamba la Kanda, kwa kifupi Shirenka. Shirenka ina jengo la ghorofa, ina Mkurugenzi Mkuu na manaibu wake, ina idara ya filimbi na idara ya bendera, na ina timu ya mpira inayoogopwa mikoa yote. Kitu pekee ambacho haina ni kichwa cha treni. Kile cha mwisho kilipelekwa karakana kubadilishwa bomba, na karakana ikabinafsishwa kikiwa bado ndani.

Hata hivyo njia ya Isagilo, ile inayopanda milimani kwenye viazi na baridi, haijafungwa. Hakuna aliyeifunga. Kila asubuhi kipaza sauti cha stesheni kuu huwatangazia abiria kwamba treni ya kwenda Isagilo itachelewa kidogo, na Shirika linaomba radhi kwa usumbufu. Sauti ni ya mwanamke mwenye adabu sana. Nasikia mwenyewe alikwisha kustaafu, ila kanda ya sauti yake bado nzima. Watu wa Isagilo husikiliza tangazo mpaka mwisho, halafu huvuka barabara na kupanda malori ya vitunguu.

Kusema kwamba treni haipo ni kosa la jinai. Sheria inaliita kosa la kuchafua safari. Mimi sijawahi kulitenda, na wala silitendi hapa.

*

Katika Shirika hilo alikuwapo mfanyakazi anayeitwa Elikana Ntandu, mzaliwa wa Isagilo. Kazi yake ilikuwa ya pointi, yaani kuvuta ule mkono wa chuma unaoifanya treni ishike njia hii isishike ile. Kila asubuhi alikwenda yadi ya stesheni kuu, akaupaka mkono mafuta, akauvuta kuelekeza njia Isagilo, akakaa chini ya kibanda cha bati. Jioni aliurudisha. Hakuna treni iliyowahi kupotea njia zamu yake, na kwa hilo alipewa cheti.

Alikuwa mtu mpole, mpenda chai ya tangawizi, asiyependa kusemwa. Mkewe Kalunde alikuwa akiuza maandazi nje ya geti la yadi. Walikuwa wameishi mjini miaka mingi na hawakuuzoea hata siku moja. Joto liliwatesa. Wakati wa kula Elikana alizoea kumwuliza mkewe huko nyumbani sasa ni wakati wa nini, na Kalunde humjibu kwamba sasa wanapalilia, au sasa wanachimba viazi, ndipo wakaendelea kula.

Kifua kikamshika. Akalazwa katika hospitali ya Shirika, wodi ya daraja la tatu, na Kalunde akawa anakaa naye. Siku moja kabla ya kufa alimshika mkewe mkono akamwambia, "Usiniache huku kwenye joto. Nipeleke kwa mama." Mama yake alikuwa amezikwa Isagilo, nyuma ya nyumba yao. Kalunde akasema atampeleka.

Alikata roho asubuhi, wakati Kalunde ameshuka bombani kusuuza kikombe cha mumewe. Nesi akamfuata hukohuko akampa habari. Kalunde alimaliza kusuuza, akakikausha kikombe kwa pindo la khanga, akamwuliza nesi akiweke wapi. Watu walisubiri alie, na hakulia. Baadaye alimwambia shemeji yake kwamba ilikuwa kama ukiukalia mguu mpaka unakufa ganzi, unauona ni wako lakini haukujibu, isipokuwa kwake ilikuwa mwili wote.

*

Shemeji huyo ndiye Zabroni, mdogo wake Elikana, fundi seremala wa Isagilo. Aliposikia habari aliteremka na lori la vitunguu, akaazima karakana ya rafiki yake, akachonga jeneza kwa mikono yake mwenyewe. Dereva wa lori alimpa pole, akamwambia marehemu atapanda juu, wampangie nafasi kati ya magunia, wala hataki chochote. Kwa hiyo Zabroni na Kalunde wakaenda hospitali kuuchukua mwili, wakijua kwamba kufikia kesho yake watakuwa wamezika.

Mwili haukutoka. Karani wa chumba cha maiti aliwaeleza kwa upole kwamba mtumishi wa Shirenka akifa hurudishwa kwao kwa treni, bure, katika behewa la heshima. Zabroni akasema wanashukuru, heshima hiyo wanaiacha. Karani akasema heshima ni mali ya Shirika, na mali ya Shirika raia hawezi kuiacha wala kuichukua.

Walipelekwa ghorofani kwa Mkurugenzi Mkuu mwenyewe, Mhandisi Dakta Pontiani Kisaluka. Hilo lenyewe ni jambo la kujivunia, maana wako mawaziri ambao hawajafika ghorofa ile. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti nzuri, na mezani kwake palikuwa na treni ndogo ya betri inayozunguka bila kupumzika, ikipita nyuma ya simu na mbele ya picha ya Rais. Ilikuwa na kichwa.

Mkurugenzi aliwapa mkono wa pole akazungumza kirefu. Alisema Elikana hakuwa mfanyakazi bali taruma, lile gogo linalolaliwa na vyuma vya reli, maana Shirika lote lilikuwa limelala juu yake. Alisema kifo cha mtu wa pointi ni njia panda ya taifa. Alisema Shirika litanunua shada. Kalunde alikuwa akiitazama treni ya mezani, kila ikizunguka na macho yake yanazunguka, na Mkurugenzi akafurahi kuona jinsi mjane anavyoipenda reli.

Zabroni akasema, "Mheshimiwa, sisi tunaomba maiti yetu tu. Lori liko nje."

Mkurugenzi alilirudia neno lori polepole, kama mtu aliyekuta unywele kwenye mchuzi. Akauliza kama kweli wanataka mtumishi wa reli aonekane barabarani juu ya vitunguu. Wafadhili wa nje walikuwa njiani kuja. Wakimwona, watasema treni hakuna.

"Kwani ipo?" Zabroni akauliza.

Mkurugenzi alimtazama katibu wake kuona kama amesikia. Kwa bahati nzuri katibu yule huwa hasikii saa za kazi.

"Imechelewa," Mkurugenzi akasema. "Subirini."

*

Lori liliondoka na vitunguu vyake. Kalunde na Zabroni wakahamia kwenye benchi la stesheni kuu, na hapo wakawa wanakaa kuanzia asubuhi mpaka jua linapozama. Sauti ya yule mwanamke mwenye adabu iliwaomba radhi kila siku. Abiria wengine waliisikia wakaenda zao ng'ambo ya barabara. Zabroni alikuwa akisimama, akitembea mpaka mwisho wa jukwaa, akitema mate relini, akirudi. Kalunde alikaa tu. Wauza kahawa walimpa kahawa, akanywa. Hawakumpa, hakuomba.

Chumba cha maiti cha hospitali kina jokofu, lakini wiki ile Bodi ya Shirenka ilikuwa na kikao na jokofu la ukumbini lilikuwa bovu. Ikabidi soda za wajumbe zihifadhiwe kule. Zabroni alikwenda kumwangalia kaka yake, akamkuta amesogezwa ukutani, na kreti za soda zimepangwa vizuri pembeni yake. Alirudi benchini na hasira, akamsimulia shemeji yake. Kalunde alimsikiliza mpaka mwisho. Aliuliza jambo moja tu, kama Elikana ana baridi ya kutosha. Zabroni akasema anayo. Basi, akasema Kalunde, na akaendelea kuitazama njia.

Hiyo ndiyo siku Zabroni alipoogopa, kama alivyoniambia mwenyewe. Hakumhofia tena kaka yake, maana yeye alikuwa amekwisha kufa. Alimhofia huyu aliyekaa.

*

Wokovu uliletwa na wafadhili. Walipotua walitaka kuona treni ya Isagilo ikiondoka, na Mkurugenzi Mkuu, ambaye ni mtu wa maamuzi, akaamua iondoke. Kukaletwa kiberenge, yaani kile kigari kidogo cha reli ambacho zamani mafundi walikipanda kukagua njia, jukwaa la mbao juu ya magurudumu manne ya chuma, kinachosukumwa kwa mikono. Kilipakwa rangi za taifa. Nyuma yake wakafunga behewa moja la abiria lililokuwa likifugiwa kuku, nalo likaoshwa. Na kwa kuwa treni haiwezi kuondoka bila sababu, ikakumbukwa kwamba ipo maiti.

Kwa hiyo Elikana akatoka. Jeneza liliwekwa juu ya kiberenge, likafunikwa bendera ya Shirika, na shada. Kalunde alikalishwa upande mmoja na Zabroni upande wa pili. Gadi wa treni alikuwa Bwana Hamduni, mzee mwembamba aliyekuwa ameajiriwa kupuliza filimbi na hakuwa ameipuliza tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Sare yake ilikuwa imepigwa pasi mpaka ikawa inang'aa magotini. Alimsogelea Kalunde kumpa pole, akasema, "Mama, nitamfikisha. Mimi sijawahi kupoteza mzigo."

Mkurugenzi alihutubia. Alisema wapo watu wanaouliza treni iko wapi, na leo hata marehemu anawajibu. Bendi ikapiga. Hamduni akapandisha bendera ya kijani na kupuliza filimbi, na vijana wa timu ya mpira, ambao walikuwa wamevalishwa ovaroli, wakasukuma kwa nyuma. Treni ikatoka stesheni. Wafadhili wakapiga makofi, mmoja akapangusa macho.

Vijana walikuwa wamekodiwa mpaka kwenye kona. Walipofika kwenye kona, nyuma ya ukuta wa kiwanda cha sabuni ambapo wafadhili hawaoni tena, walivua ovaroli, wakalifungua behewa wakalirudisha kwa kuku, wakawatakia safari njema. Zabroni na Bwana Hamduni wakabaki wanatazamana juu ya jeneza. Halafu wote wawili wakashuka, wakaweka mikono kwenye mbao, wakaanza kusukuma.

*

Bwana Hamduni alikuwa mtu wa taratibu. Kila stesheni alisimamisha kiberenge, hata ile ambayo jengo lake sasa ni kilabu cha pombe au limeota mihogo ndani. Alipuliza filimbi, akatangaza jina la mahali kwa sauti, akangoja muda wa haki ya abiria kupanda. Zabroni mwanzoni alimgombeza kwamba wana maiti, si mchezo. Hamduni alijibu kwamba hiyo ndiyo sababu hasa ya kuifanya safari iwe safari.

Na abiria wakatokea. Kwenye stesheni ya kwanza alitoka mama mmoja katikati ya mahindi na kuku kwapani, akauliza kama hii ndiyo ya Isagilo. Hamduni akamwambia ndiyo hii. Yule mama akasema alikuwa anaisubiri, ana harusi ya mtoto wa dada yake. Hakusema harusi ilikuwa lini. Alimtazama Kalunde, akaelewa, akamkabidhi Zabroni kuku na kuanza kusukuma. Stesheni ya pili akaja fundi cherehani na mashine yake kichwani, na baada yake watu wa hospitali, watu wa mnada, mwalimu aliyehamishwa. Mizigo yao waliiweka kwenye kona za kiberenge, mbali na jeneza, kwa adabu. Wenyewe walisukuma. Walipumzishana, na aliyechoka alipanda kidogo akakaa karibu na Kalunde, halafu akashuka. Kwenye miinuko waliimba nyimbo za kanisani, na wale wasio wa kanisa waliitikia tu.

Kalunde alikaa na mkono juu ya jeneza ili lisiteleze. Milima ilianza kuonekana, na hewa ikapoa. Mama wa kuku alimvisha shuka lake mabegani. Alisema asante. Zabroni alimtazama kila mara usoni kuona kama kuna kilichobadilika, na hakuona.

Walifika juu ya bonde la mwisho, mahali ambapo ukisimama unaona moshi wa nyumba za Isagilo upande wa pili, na hapo reli ikaisha.

Haikuharibika. Vyuma vilikuwa vimekwenda, na vilikwenda kihalali, kwa zabuni iliyotangazwa. Sasa ni geti la nyumba ya mtu ambaye sitamtaja, ila nyumbani kwake hata ukizima taa unasikia treni ya betri ikizunguka. Mataruma nayo yalikuwa yamekwenda. Mbele palikuwa na tuta tu lenye majani, limeteremka bondeni na kupanda tena ng'ambo.

Hamduni alitoa bendera nyekundu, akaishika mbele ya kiberenge. Alikuwa na aibu kubwa. Zabroni akasema haina neno, kutoka hapa walibebe jeneza mabegani, si mbali. Watu wakakubali na kuanza kujipanga. Hamduni akasema hapana. Akawaeleza, karibu analia, kwamba mzigo ukishushwa katikati ya safari gadi ameupoteza. Shirika litasema amemtupa marehemu porini. Ana wajukuu, na amebakiza kidogo astaafu. Zabroni akamshika ukosi wa ile sare inayong'aa. Watu wakaingilia, wengine wakimtetea gadi, wengine wakisema atupwe yeye bondeni.

Kalunde alikuwa hajatamka neno tangu waondoke kwenye stesheni iliyotangulia. Akateremka kutoka kwenye kiberenge.

"Basi tubebe vyote," akasema.

Hakuna aliyeelewa mpaka alipoinama mwenyewe na kushika kona ya mbele. Zabroni akamwachia gadi, akashika kona ya pili. Mafundi wa zamani waliokuwa wakinyanyua viberenge kuvitoa njiani walikuwa watu wachache, kwa hiyo si jambo la ajabu kwamba kundi lile liliweza. Kilipanda mpaka magotini, mpaka kiunoni, mpaka mabegani, jeneza likiwa juu, na shada, na cherehani. Magurudumu yakabaki yananing'inia hewani, yakizunguka polepole. Hamduni alitangulia mbele. Alibadilisha bendera, akashika ya kijani, akapuliza filimbi.

Hivyo ndivyo treni ya Isagilo ilivyoteremka bonde na kulipanda tena. Watu wa Isagilo waliokuwa shambani waliacha majembe wakaja kuipokea. Ilipotuliwa mahali ilipokuwa stesheni, Hamduni alitangaza jina la mahali, akangoja muda wa haki ya abiria kushuka.

Walimzika Elikana kesho yake, nyuma ya nyumba, upande wa mama yake. Mzee wa kanisa alisali sala fupi kwa sababu kulikuwa na mvua. Kalunde alitupa udongo kama walivyotupa wengine. Akarudi ndani akawapikia wageni, na walipomwambia apumzike alisema hajachoka. Wageni walipoondoka aliendelea kupika. Zabroni alikwenda kila siku kula ili chakula kisimwagike.

*

Hapa hadithi ingeisha, lakini nchi yetu haipendi kupoteza jambo jema.

Dakta Kisaluka alipata habari kwamba treni imefika. Alimpigia Hamduni simu, akauliza mara mbilimbili, na Hamduni, ambaye hajui kusema uongo, akasema ndiyo, imefika, mzigo umekabidhiwa salama. Mkurugenzi akauliza ilivukaje bonde. Hamduni akamweleza. Simuni Hamduni akasikia kitu kidogo kikizunguka.

Wiki ileile redio ikatangaza kwamba njia ya Isagilo imekamilishwa kwa teknolojia ya kienyeji. Kipande kile kisicho na vyuma kikapewa jina la Sehemu ya Uzalendo. Wakazi wa Isagilo wakatunukiwa cheo kipya katika utumishi wa umma, Wananchi wa Njia, wakagawiwa kofia. Kazi yao ilikuwa moja tu, kuwa reli pale treni inapohitaji. Mkurugenzi alieleza katika kipindi maalumu kwamba reli ya chuma inapata kutu, inapinda kwa jua, inaibwa. Reli ya watu huamka yenyewe asubuhi.

Waziri wa Uchukuzi akaja kuzindua. Alikuja kwa gari mpaka reli inapoishia, kwa kuwa barabara ya hadi pale ni nzuri, kisha akashuka kupanda treni. Wananchi wa Njia walikuwa wamekiteremsha kiberenge mapema kumfuata. Juu yake kulikuwa na kiti cha kitambaa chekundu, mwavuli, meza ndogo, na Dakta Kisaluka amesimama pembeni akishikilia mwavuli. Kalunde alipangiwa kona ya mbele, kwa sababu Hamduni, mtu wa kweli, aliulizwa simuni siku ya jeneza nani alikuwa wapi, akasema. Zabroni alikuwa kona ya pili. Walipewa kofia.

Wakanyanyua. Bendi ikapiga. Waziri akaanza kuhutubia papo hapo, kwa kuwa wapiga picha walitaka picha akihutubia treni ikiwa katika mwendo. Alisema taifa linasonga mbele. Alisema anauhisi mwendo wenyewe mwilini mwake, laini kabisa, hata chai haimwagiki. Alisema mahali pengine duniani watu wanapanda treni, lakini sisi tumefika mahali ambapo treni inapanda watu, na hayo ndiyo maendeleo yanayomlenga mwananchi. Wakapita chini bondeni, wakaanza kupanda.

Zabroni anasema aligeuza macho akamwona shemeji yake ameuma mdomo. Jasho lilikuwa linamtoka. Bega lake lilikuwa limeshuka, akalipandisha, likashuka tena. Alikuwa akihema kama watu wengine wote. Siku ya jeneza hakuwa amehema hivyo, wala hakuwa ametoka jasho, na alikuwa ameshika kona ileile.

Kalunde akasimama.

Treni ya namna hiyo kona moja ikisimama zote zinasimama. Kiti kiliyumba, chai ikamwagika, Waziri akashika meza. Dakta Kisaluka akainama kutoka juu, mwavuli mkononi, akauliza kwa ukali kuna nini, nani amesimamisha treni.

"Mimi," Kalunde akasema. "Nimechoka."

Alilisema kwa sauti ya kawaida, kama anayemwambia mtu wa nyumbani. Nimeuliza wazee na nimeuliza wanasheria, na kwa kadiri tunavyojua hakuna mtu katika nchi yetu aliyewahi kulitamka neno hilo mbele ya kiongozi aliyeketi. Mkurugenzi akamtazama Waziri. Zabroni akasema naye amechoka. Mama mmoja nyuma akasema hivyohivyo, kisha mwingine, bila kelele, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaohesabiwa. Bwana Hamduni alikuwa mbele na bendera zake mbili. Hakupandisha hata moja. Alizikunja akazitia kwapani.

Wakaishusha treni. Niseme wazi, kwa kuwa yalisemwa mengi, kwamba hawakuiangusha. Waliishusha taratibu, kwa pamoja, mpaka magurudumu yakagusa majani, na Waziri hakupata hata mchubuko. Kisha wakavua kofia, wakaziweka mezani karibu na kikombe, wakaondoka kwenda kupalilia, maana ulikuwa wakati wa kupalilia.

Waziri na Mkurugenzi walifika Isagilo kwa miguu. Redio ilisema wamewasili kwa treni, na kwa kuwa redio ilisema, ni kweli.

Kalunde alifika kwake mapema kuliko wao. Hakupika. Alijilaza kitandani na matope miguuni, upande wa ukutani ambao ulikuwa wa Elikana, akaanza kulia. Majirani walimsikia. Alilia mchana kutwa, na hakuna aliyekwenda kumnyamazisha, Zabroni aliwazuia mlangoni. Baadaye wakasikia kimya. Zabroni alichungulia akamkuta amelala, mdomo wazi, anakoroma.

Asubuhi walikuja polisi kumkamata kwa kosa la kusimamisha treni bila sababu. Walimkuta bado amelala. Mkubwa wao aligonga, akaita kwa jina kamili, akaita tena. Kalunde akageukia upande wa pili. Yule mkubwa akafungua kitabu chake cha sheria, akatafuta namna ya kumsomea mashtaka mtu aliyelala, asiione. Akaamuru wakae nje wangoje.

Wakakaa barazani na bunduki magotini. Kulikuwa na jua zuri lile la milimani lisilochoma. Zabroni akawaletea uji na viazi, wakala, wakamshukuru. Walikuwa wametembea kutoka mbali, bondeni mpaka huku juu, kwa miguu. Kidogo mmoja akaegemeza kichwa ukutani. Mkubwa wao alimwona, akataka kumkemea, akapiga mwayo.